Tairi la Kushoto

Tela lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha polisi, baina ya ukuta na tangi la maji, na mtu alikuwa amelifunga mnyororo kwenye nguzo kana kwamba lingetoroka lenyewe. Lilikuwa tela dogo la kuvutwa na pikapu, la magurudumu mawili. Mbao zake za ubavuni zilipakwa rangi ya kijani, mlango wake wa nyuma ulikuwa na bawaba tatu, na kila bawaba ilikuwa imetiwa mafuta. Mwenyewe ni seremala, na ilionekana.

Mpelelezi waliyemwita Kobe alichuchumaa upande wa kushoto na picha mkononi. Mama wa miaka hamsini na mitatu, magoti yakimlia kama mlango usiotiwa mafuta. Waliomwita Kobe walidhani wanamtania, kumbe yeye alilipenda jina lile. Kobe hakimbii, lakini hakuna aliyewahi kumwona amepotea njia.

Picha ilipigwa Jumamosi asubuhi kwenye lango la kliniki ya wazazi. Alfajiri ya siku ile mtu aliingia na pikapu na tela, akapakia jenereta ya kliniki, na alipokuwa akitoka alimbana mlinzi baina ya tela na nguzo ya lango. Mlinzi alikufa kabla ya saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha, na tope likaweka kila kitu: kulia, alama za tairi lenye mistari mitatu iliyonyooka, kushoto, alama za tairi lenye meno kama vichwa vya mishale. Matairi mawili yasiyofanana kwenye tela moja. Jumanne wakalikuta tela lenye matairi hayo hayo uani kwa Seremala, na toka siku hiyo Seremala yuko ndani.

Kobe alileta ndoo ya mchanga mbichi, akaumwaga mbele ya magurudumu, akausawazisha kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Kisha akalegeza mnyororo na kulisukuma tela hatua mbili.

"Unapika nini huko?" Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Njoo uonje, afande."

Mkuu akaja. Kobe akaiweka picha kando ya mchanga.

"Kulia, mistari mitatu. Sawa na picha. Kushoto, mishale. Sawa na picha?"

"Sawa."

"Tazama tena. Kwenye tope la kliniki mishale ilielekea mbele, kwenye pikapu. Hapa mchangani inaelekea nyuma."

Mkuu akainamisha kichwa, akageuza picha juu chini, akaigeuza tena. "Labda alikuwa anarudi kinyumenyume."

"Hata ukilirudisha nyuma siku nzima, alama ni ile ile. Mshale haugeuki kwa sababu gari limerudi."

"Basi walihamisha gurudumu."

"Lingekuwa kulia. Liko kushoto pale pale. Ili mshale ugeuke na gurudumu libaki kushoto, lazima utoe tairi kwenye rimu, ulipindue, ndani iwe nje, ulirudishe tena. Hiyo ni kazi ya mashine. Mtu aliifanya baada ya Jumamosi alfajiri na kabla ya Jumanne. Nani, na kwa nini?"

Mkuu akanywa chai yake. "Kobe, dada yangu. Faili nimelifunga. Kesho saa tatu Seremala anasomewa mashtaka ya kuua. Wewe unaniletea habari za tairi kupinduka."

"Mpaka kesho saa tatu bado ni leo, afande."

Mkuu hakucheka, lakini hakumkataza.

*

Seremala alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, akipima ukuta kwa shibiri. Mikono ile haikujua kukaa bure.

"Ukuta huu umeinama vidole viwili," alisema. "Aliyejenga hakuwa na timazi."

"Niambie tena habari za matairi."

"Dada, nimesema mara ngapi? Yale ya zamani yalipasuka-pasuka kwa jua. Ijumaa mchana nikalipeleka tela kwa Mzee Upepo, mwuza matairi. Nikachagua mawili, mapya, yanayofanana, nikayawekea na alama ya chaki. Akasema niache tela, atafunga. Jumatatu naenda kuchukua, nakuta haya. Kila moja na mama yake. Akasema yale niliyochagua aliyauza kwa bahati mbaya, nitumie haya, mengine yanakuja."

"Na pikapu?"

"Ya kaka yangu. Jumatatu nilimwomba tu anivutie."

"Baada ya Jumatatu ulipata pancha? Ulilitoa tairi kwenye rimu?"

"Nilitoe na nini? Na randa?" Akainua macho. "Mlinzi yule ndiye aliyenipa kazi ya kwanza mjini hapa. Benchi alilokuwa akikalia pale langoni, mimi nilimtengenezea. Nimuue?"

Kobe aligeukia mlango. Hakuwa amekuja kufariji mtu. Ndani ya faili maelezo ya Mzee Upepo yalikuwa mistari sita tu, na aliyajua kwa moyo: Seremala alikuja Ijumaa mchana. Nilimuuzia tairi moja, la mistari mitatu. Lile la mishale alikuwa nalo mwenyewe, sikuligusa. Aliondoka na tela lake Ijumaa ile ile jioni.

Mmoja wao alikuwa mwongo. Na hata kama mwongo hakuwa Seremala, kesho hakimu angemfungia mlango ambao haufunguliwi upesi.

*

Duka la matairi lilikuwa chumba kirefu, kaunta mbele, mashine katikati, na nyuma ua wenye kontena moja la chuma lililokuwa jekundu zamani. Matairi yalipangwa ukutani hadi darini. Harufu ya mpira iliganda kooni.

Mwanamke wa miaka thelathini hivi, kilemba kichwani na mtarimbo mkononi, alikuwa akikandamiza tairi la gari dogo kwenye mashine. Huyo ndiye Mkwe. Mumewe, mtoto wa Mzee Upepo, alikwenda kutafuta kazi mbali miaka mitatu nyuma na hajarudisha hata salamu. Yeye akabaki nyumbani kwa baba mkwe na watoto wawili, akifunga matairi. Mtaa mzima ulimwita Mkwe, hata wateja, kama vile ameolewa na duka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yupo?"

"Nipo, nipo!" Mzee Upepo alitokea nyuma akifuta mikono kwa kitambaa. Mtu mwenye tumbo la heshima, na maneno mengi kuliko kompresa yake. "Mama mpelelezi! Safari hii nimeiba nini?"

"Nimekuja dukani. Nataka tairi mbili za tela dogo. Kaka yangu kanunua tela, sijui hata pa kuanzia."

"Umekuja kwa fundi." Akapiga kofi kaunta. "Kwanza, tela si gari. Watu wanachukua tairi la gari dogo wanabandika kwenye tela. Ujinga! Tela linabeba mzigo wa kusimama. Unataka tairi lenye ubavu mgumu. Bonyeza hapa. Umeona? Halibonyei. Pili, kipimo: soma namba ya lile la zamani, ununue namba ile ile. Tatu, mzigo. Ubavuni kumeandikwa linabeba kilo ngapi. Jumlisha mawili, ondoa uzito wa tela lenyewe, ndio mzigo wako. Usizidishe hata debe moja."

"Na meno?"

"Meno si kitu sana. Ila yafanane, mama. Kulia na kushoto pacha. Ukichanganya, tela linavuta upande, linayumba nyuma kama mlevi."

"Wewe huwezi kumfungia mtu mawili yasiyofanana."

Mzee Upepo akaanza kufuta tena mikono iliyokwisha kukauka. "Labda mteja aje na lake."

"Na umri? Nasikia tairi lina tarehe ya kuzaliwa."

Hapo alisahau kuogopa, kwa sababu alipenda kufundisha. "Hapo ndipo wengi wanapoliwa! Tairi la gari hufa kwa kutembea. Tairi la tela hufa kwa kusimama. Linakaa juani miezi, meno mazima, ubavu umeoza. Kwa hiyo usitazame meno, tazama tarakimu nne ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zaidi ya miaka sita, usichukue hata bure."

"Ziko pande zote mbili?"

"Upande mmoja tu."

"Kwa hiyo," Kobe alisema polepole, "fundi asiye mwaminifu akilifunga na upande ule ukaenda ndani, mnunuzi hataiona mpaka alale chini ya tela."

Mashine ilinyamaza. Mkwe alikuwa ameinua mguu kwenye kanyagio.

"Watu wabaya wapo," alisema Mzee Upepo. "Ya tela yako kwenye kontena. Njoo uchague mwenyewe."

*

Ndani ya kontena palikuwa na joto la tanuri. Mwanga uliingia mlangoni na kwenye matundu madogo sita upande wa juu. Kobe alianza kulia kwake, akisoma ubavu mmoja baada ya mwingine kwa kidole, kama mtoto anayejifunza herufi. Mzee Upepo alisimama mlangoni.

"Hayo ya juu ni mapya, mama. Ya chini usisumbuke."

Kobe huanza na ya chini siku zote. Akaondoa matairi manne, akayaegemeza moja moja. La tano, lenye vumbi la miaka, lilikuwa na meno ya mishale.

Akalivuta mlangoni penye mwanga, akapangusa ubavu kwa mkono wa gauni. 1915. Wiki ya kumi na tisa, miaka tisa nyuma. Asubuhi ile alikuwa amelala chini ya tela kituoni, juu ya gunia, akamulika upande wa ndani wa tairi la kushoto. Tarakimu nne alizozikuta huko alikuwa ameziandika kwenye kiganja. Akakifungua kiganja: 1915.

"Mzee, hili mwenzake yuko wapi?"

Mzee akashika ukingo wa mlango.

"Ulisema lile la mishale Seremala alikuja nalo mwenyewe, hukuligusa. Basi pacha wake anafanya nini chini ya rundo lako?"

Mzee Upepo alirudi hatua moja nyuma, na mlango wa chuma ukaja. Kobe alisukuma tairi mbele kuuzuia, ukingo ukaligonga, likarushwa ndani, na mlango wa pili ukafuata. Vyuma vya komeo vikashuka. Kufuli likalia.

"Njia ya mwongo fupi, mzee!" Kobe alisema gizani. "Umeishia mlangoni pako."

"Na wewe umeishia ndani." Sauti yake ilikuwa karibu, mdomo kwenye upenyo. "Sikutaka haya. Mlinzi yule alitokea nyuma ya tela ghafla, sikumwona. Nilitaka jenereta tu."

"Ukatumia tela la mteja."

"Langu linajulikana mji mzima. Sikiliza. Kesho saa tatu wakishamsomea kijana yule mashtaka, nitakuja kufungua. Nitasema upepo ulifunga mlango na mimi nilisafiri. Nani atakuuliza umechelewa wapi? Si wanakuita Kobe?"

Akasikia viatu vyake vikienda, na sauti ikipaa dukani: "Huyo asifunguliwe. Ukifungua, tafuta pengine pa kulala, wewe na watoto wako." Pikapu ikawaka, ikaondoka.

Kobe akatoa simu. Ndani ya chuma haikushika mtandao. Akaiinua kwenye kila tundu, ikakataa. Akapiga mlango kwa ngumi mara kumi, akaacha, kwa sababu pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Akapanga matairi matatu kama ngazi, akapanda hadi macho yakafika tunduni. Saa yake ilionyesha saa sita na robo. Aliona kipande cha ua: bomba, beseni la kutafutia pancha, na nguo za watoto kwenye kamba.

Saa saba chuma kilikuwa hakigusiki. Saa nane alivua viatu, akakaa juu ya mpira kwa sababu sakafu ilichoma. Jasho lilifuta tarakimu kiganjani. Alizikariri kwa sauti, moja, tisa, moja, tano, asije akazipoteza na zenyewe.

Saa tisa kikombe cha bati kiligonga chuma.

"Shangazi. Kikombe hakipiti kwenye tundu. Sogeza mdomo."

Mkwe alikuwa amepanda juu ya beseni alilolipindua. Akammiminia kwa kipande cha mpira wa kompresa. Kobe alikunywa, akapangusa kidevu.

"Mwanangu, nifungulie."

"Ufunguo anao baba."

"Una mtarimbo."

"Nina watoto pia." Akauvuta mpira kutoka tunduni. "Nyumba ni yake, duka lake. Mimi hapa ni kama hizo tairi, shangazi. Nazeeka kwa kusimama."

Kobe hakumsukuma. Aliuliza kama anavyouliza siku zote, polepole, swali moja.

"Jumatatu asubuhi, kabla Seremala hajaja kuchukua tela, ulifanya kazi gani ya kwanza?"

"Hiyo hiyo ya tela. Nilikuta baba keshafunga matairi mwenyewe. Nikashangaa, maana mashine hii haigusi siku hizi, mgongo. Na alikuwa amefunga vibaya. La mishale tarehe ilikaa nje. Akaniambia, 'Wewe, mteja ataona, pindua.' Nikapindua. Si ndivyo tunavyofanya siku zote kwa yale mazee? Akasema la kulia liache, lile jipya."

"Siku zote."

"Siku zote, shangazi. Aliponifundisha kazi, hilo ndilo la kwanza: tairi zee, tarehe ndani."

Kobe akafumba macho. Mazoea yana taabu. Mtu ameiba, ameua, amerudisha tela safi, na hakuna aliyemshuku. Angeliacha vile lilivyokuwa, lingelingana na tope mpaka siku ya kiama. Lakini hakuweza kumwuzia mtu tairi la miaka tisa bila kuficha miaka yake.

"Mwanangu, sikiliza niseme vizuri. Tairi lile Jumamosi alfajiri lilikuwa kwenye lango la kliniki. Tope limeshika mishale ilivyokaa kabla wewe hujaipindua. Yaani Jumamosi tela lilikuwa hapa dukani, mikononi mwa mzee. Ukimwacha Seremala, ambaye haaminiwi, wanaojua hilo ni watu watatu: yeye, mimi, na wewe. Yeye hatasema. Mimi nimefungiwa. Na kesho saa tatu Seremala anasomewa kuua."

Kikombe kilianguka uani, kikabiringika, kikatulia. Kobe aliona kilemba kikivuka ua kuelekea dukani, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Akakaa. Alihesabu mikunjo ya bati la paa, akahesabu matairi: arobaini na moja. Akaanza kuyahesabu upya.

Alipofika ishirini na sita, chuma kililia. Mara ya kwanza polepole, kama mtu anayejaribu. Mara ya pili kwa uzito wote wa mwili. Mara ya tatu kufuli likaruka, likagonga bomba, na mwanga ukaingia wote kwa pamoja.

Mkwe alikuwa amesimama na mtarimbo, akihema. Kilemba kilikuwa kimemwanguka.

"Kile kitoto changu cha pili kilizaliwa kliniki ile," alisema. "Mlinzi yule ndiye aliyeniitia mkunga."

*

Pikapu ilirudi saa kumi na moja kasoro robo. Mzee Upepo aliingia akijipepea kwa kofia, matope mabichi kwenye viatu.

"Mkwe! Amenyamaza huyo?"

"Nimechagua, mzee," alisema Kobe.

Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha mwenye duka, miguu peku. Mbele yake lilisimama tairi la mishale, limepanguswa, tarakimu nne zikitazama mlangoni. "Lina miaka tisa, nawe umeniambia nisichukue hata bure. Lakini hili nalichukua. Mahakama italihitaji."

Mzee Upepo alizitazama tarakimu, kisha akamtazama mkwewe. "Umesema nini wewe?"

"Nimesema nililipindua Jumatatu, baba. Ulivyonituma. Nimeweka na sahihi."

Akageukia mlango alioingilia. Askari wawili, aliowaita Kobe mara tu alipotoka kontenani, walikuwa wameshasimama pale, na wa tatu alikuwa akichungulia nyuma ya pikapu, akiinua turubai lililolowa mafuta ya jenereta aliyotoka kuificha.

Kobe aliinua simu ya dukani, akapiga kituoni.

"Afande, faili lile lifungue. Na ukishalifungua, fungua na mlango wa Seremala. Mwambie tela lake atalipata kesi ikiisha, lakini matairi achague mwenyewe, asome tarehe." Akasikiliza. "Ndiyo, nimechelewa. Si mnaniita Kobe?"

Walimtoa Mzee Upepo mikono nyuma. Hakufumbua mdomo tena, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Kobe akavaa viatu, akalisukuma tairi hadi mlangoni, kisha akakumbuka.

"Mwanangu, leo utalala wapi na watoto?"

Mkwe alikuwa ameshika ufagio, akifagia vipande vya kufuli uani. Aliitazama nyumba, akalitazama duka, akaitazama pikapu ya polisi ikikata kona.

"Hapa hapa, shangazi," alisema. "Aliyehama ni yeye."